HOTUBA YA WANAFUNZI WA CHAMA MBELE YA MKUTANO MKUU WA MWAKA: ELIMU YA MIFUMO YA HABARI KATIKA SHULE YA BIASHARA

Bwana Mwenyekiti, Wazee wetu waheshimiwa, Mama zetu, na ndugu wanachama wote,

Sisi ni wanafunzi watatu ambao Chama hiki kimetusaidia kulipa karo tangu tulipoingia Chuo Kikuu, na sasa tumo katika mwaka wa mwisho wa masomo yetu. Kamati ilituagiza tusimame mbele ya Mkutano Mkuu tueleze mambo mawili: kwanza, ni elimu gani hii tuisomayo, na pili, Chama kitapata faida gani kwa fedha zake. Nasi tumeona ni haki kuongeza jambo la tatu ambalo hatukuagizwa, nalo ni kosa tulilolifanya sisi wenyewe katika hesabu za Chama. Mama aliyeumizwa na kosa hilo yumo humu ukumbini. Ametupa ruhusa tulieleze, mradi tusimtaje jina.

Tunajua pia ya kuwa leo mchana mtajadili hoja isemayo kwamba Hazina ya Elimu isiendelee kulipia masomo ya namna hii, bali iwalipie wale tu wanaosomea udaktari, ualimu na sheria. Hatukuja kushindana na wazee. Tumekuja kutoa maelezo, ili mtakapoamua, muamue mkiwa mmekwisha kusikia.

Swali tuliloulizwa mara nyingi kupita yote ni hili: "Ikiwa mnasoma kompyuta, mbona mmewekwa katika shule ya biashara? Na ikiwa mnasoma biashara, kompyuta ni za nini?" Swali hili ni la haki. Wengine hudhani kwamba tunafundishwa kutengeneza mashine zilizoharibika, na kila tukienda nyumbani wakati wa likizo twaletewa simu zisizowaka. Tunazipokea kwa adabu na kuzitazama, lakini kwa kweli hiyo si kazi tuliyofundishwa.

Wahenga walikwisha kulijibu swali hilo waliposema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Ndani ya maneno hayo machache yamo mambo yote matatu tuyasomayo. Mali ndiyo biashara yenyewe, au mchango wa wanachama kama huu wetu. Daftari ni chombo cha kuandikia, kiwe cha karatasi au cha kompyuta. Na habari ni yale anayoyajua mwenye mali baada ya kulisoma daftari: nani amelipa, nani anadai, kimebaki nini, na kesho tufanye nini. Elimu yetu huitwa mifumo ya habari, maana yake ni utaratibu mzima wa watu, maandishi, kanuni na mashine ambao huwezesha habari ya kweli kumfikia mtu anayestahili kuipata, kwa wakati unaofaa.

Tuchukue mfano wa matatu. Fundi wa gari ni mtu wa lazima, kwani bila yeye gari halitatoka gereji. Lakini fundi hamwambii mwenye gari apite barabara ipi, asimame vituo vipi, nauli ishikwe na nani, wala jioni hesabu itolewe namna gani. Wenzetu wanaosoma sayansi ya kompyuta wanafanana na yule fundi: huuliza mashine hufanya kazi jinsi gani, na jinsi ya kuifanya iende upesi zaidi. Sisi tunafundishwa kuuliza safari yenyewe ni ya kwenda wapi, abiria ni nani, na ni nani atakayejibu fedha zikipungua. Elimu zote mbili zahitajiana, wala hakuna iliyo bora kuliko mwenzake.

Kwa sababu hiyo masomo yetu yamechanganywa. Tumesoma uhasibu, uchumi, sheria za biashara na uongozi wa watu, sawasawa na wanafunzi wengine wa biashara. Uhasibu tumeanza na kanuni ile ya kuandika kila fedha mara mbili, ilikotoka na ilikokwenda, ambayo mtawa mmoja wa Italia, Luca Pacioli, aliieleza katika kitabu kilichopigwa chapa Venice mwaka 1494. Kanuni hiyo ina umri wa zaidi ya miaka 500, na hata leo ndiyo inayotumika ndani ya kompyuta za benki. Pamoja na hayo tumefundishwa kuandika programu, kupanga hifadhidata, kulinda mitandao, kukagua mifumo, na somo ambalo tunaliona kuwa ndilo roho ya elimu hii, yaani uchambuzi wa mifumo: kwenda mahali pa kazi, kuketi na wanaoifanya, kuwauliza na kuwatazama, kabla ya kugusa mashine yoyote.

Elimu hii haikuzaliwa katika maabara peke yake. Huko London palikuwa na kampuni iitwayo J. Lyons, iliyojulikana kwa mikahawa yake ya chai na kwa mikate na keki. Kampuni ile iliuza vitu vya bei ndogo kwa watu wengi mno, na makarani wake walishughulika mchana kutwa kuhesabu senti. Mwaka 1947 wakubwa wake walituma watu wawili Marekani kutazama namna mpya za kazi za ofisi. Waliporudi, kampuni ilikisaidia kwa fedha Chuo Kikuu cha Cambridge kilichokuwa kikiunda kompyuta, kisha ikajiundia yake yenyewe, ikaiita LEO. Mwezi wa Novemba mwaka 1951 mashine hiyo ilianza kufanya hesabu za kila wiki za idara ya kuoka mikate. Basi kazi ya kwanza ya kawaida ya biashara kufanywa na kompyuta ilikuwa ni hesabu za mikate.

Twawaomba wazee walitazame jambo hili vizuri. Kampuni ile haikufanikiwa kwa kuwa na mashine tu. Ilifanikiwa kwa kuwa kwa miaka mingi kabla ya hapo ilikuwa imekwisha kuzichunguza kazi zake, ikijua kila karatasi yatoka wapi na yaenda kwa nani. Mmoja wa watu waliofanya kazi katika LEO, Bwana Frank Land, alihamia shule ya uchumi ya Chuo Kikuu cha London mwaka 1967 kwenda kuanzisha mafundisho ya uchambuzi wa mifumo. Katika miaka ile ile, huko Marekani, Profesa Gordon Davis alianzisha masomo ya namna hii katika shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Minnesota. Hivyo ndivyo kompyuta ilivyoingia shule ya biashara: ilifuata kazi ilikokuwa.

Hapa kwetu Kenya hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Mwezi wa Machi mwaka 2007 kampuni ya Safaricom ilianzisha M-Pesa, na leo hata bibi kijijini anaijua. Wengi husema ni ajabu ya simu. Lakini simu zilizotumika mwanzoni zilikuwa zile ndogo za bei ya chini, na ujumbe ulikuwa mfupi tu. Jambo kubwa lilikuwa utaratibu: wakala katika kila kituo cha soko, ambaye hapana budi awe na fedha taslimu na pia akiba katika simu, kitambulisho kuonyeshwa kabla ya fedha kutolewa, daftari la karatasi ambalo mteja alitia sahihi, na ujumbe kwa mtumaji na kwa mpokeaji pia, ili kila mmoja awe shahidi wa mwenzake. Ukiondoa wakala, au ukiondoa ujumbe ule wa mpokeaji, mashine yabaki lakini imani ya watu yatoweka.

Sasa, Bwana Mwenyekiti, twaja kwenye kosa letu.

Baada ya mwaka wetu wa kwanza tulikuja likizo, tukaiomba Kamati itukabidhi madaftari ya michango ili tuyatie katika kompyuta. Kamati ilikubali kwa moyo mweupe. Mzee Mweka Hazina alitupa madaftari manne, akasema, "Mkiona neno msilolielewa, njooni mniulize." Tulifanya kazi ile kwa siku kumi na mbili. Tuliandika majina yote, tukaweka namba ya simu ya kila mwanachama, na tukapanga kwamba kila mchango ukiingia kwa simu, kompyuta itafute mwenye namba ile na kumwandikia malipo. Michango iliyotoka katika namba zisizojulikana tuliiweka katika ukurasa wake wa peke yake. Jumla ililingana na ya benki mpaka senti ya mwisho. Tulijivuna, na kwa kweli hatukurudi kwa Mzee kumwuliza hata neno moja.

Katika daftari la zamani, kando ya jina la mama yetu huyu, Mzee alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi: "Hutumiwa na kijana wa dukani." Mama hakuwa na simu yake mwenyewe. Kila mwezi alipeleka fedha taslimu dukani kwa jirani, na kijana wa duka alizituma kwa simu yake. Sisi tuliyaona maneno yale. Tuliyaacha kwa kuwa jedwali letu halikuwa na mahali pa kuyaweka.

Kwa miezi tisa mchango wa mama uliingia, ukahesabiwa katika fedha za Chama, lakini haukuandikwa katika jina lake. Kisha akafiwa na mumewe. Alipokuja kuomba msaada wa mazishi, kompyuta ilifunguliwa, ikasema ya kuwa ana deni la miezi tisa. Na kanuni zetu zasema mwenye deni la zaidi ya miezi sita hana haki ya msaada. Mama alisema, "Mimi nimelipa." Akaonyeshwa kioo cha mashine. Mzee Mweka Hazina wakati huo alikuwa mgonjwa nyumbani, na hapakuwa na mtu mwingine aliyeijua habari ya kijana wa dukani. Maiti ilikaa katika chumba cha kuhifadhia maiti siku kumi na moja zaidi, na gharama ikiongezeka kila siku, mpaka ndugu walipokopa fedha za gari la kwenda mazishini. Mzee aliporudi alilifungua daftari lake, akasoma yale maneno ya kando, na ukweli ukajulikana katika dakika tano. Kamati ilimlipa mama haki yake yote pamoja na gharama za zile siku. Lakini aibu aliyoipata mbele ya wageni wa msiba haiwezi kurudishwa na hundi.

Mama, leo mbele ya wazee twakuomba msamaha.

Tulikwenda kwa mama kumwomba msamaha huo faraghani kabla ya leo, naye alituambia neno ambalo tumelibeba mpaka darasani: "Fedha zangu mlizipokea. Ni mimi ambaye hamkunipokea." Hesabu yetu ilikuwa sahihi, na bado ilidhulumu mtu. Katika mwaka wa pili, tulipofika kwenye somo la uchambuzi wa mifumo, tuliambiwa kwamba maandishi ya kando ya daftari ndiyo ya kwanza kutafutwa, kwa sababu huko ndiko mtunza daftari huweka yale ambayo fomu haikuyatazamia. Tulitazamana sisi watatu, wala hatukuwa na la kusema.

Mtu asidhani ya kuwa makosa kama haya hufanywa na wanafunzi tu. Tangu mwaka 1999 Shirika la Posta la Uingereza lilitumia katika matawi yake mfumo wa hesabu wa kompyuta uitwao Horizon. Mfumo huo ulionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwako. Wasimamizi wa posta ndogo, watu wanaoheshimiwa vijijini mwao, walilazimishwa kulipa kutoka mifukoni mwao, na wengi wakashtakiwa kwa wizi na udanganyifu. Walipopiga simu kuomba msaada, wengi wao waliambiwa kuwa ni wao peke yao wenye shida ile. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani katika mashtaka yaliyotegemea ushahidi wa mfumo huo. Wengine walifungwa, na wengine walikufa kabla ya majina yao kusafishwa. Wasimamizi 555, wakiongozwa na Bwana Alan Bates, walikwenda mahakamani, na mwezi wa Desemba mwaka 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba mfumo ule ulikuwa na kasoro zilizoweza kuleta upungufu wa uongo. Mwaka 2024 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kufuta hukumu hizo. Ilichukua miaka ishirini na mitano.

Nchi ile haikukosa mafundi. Iliyokosekana ni kanuni ya kwamba mtu akisema, "Nimelipa," asikilizwe, na mashine nayo iulizwe maswali kama shahidi mwingine yeyote. Hiyo ni kazi ya mhasibu, ya mwanasheria, ya kiongozi na ya mjuzi wa kompyuta kwa pamoja, na ndiyo sababu ya kufundishwa mahali ambapo elimu hizo hukutana.

Kwa hivyo, pamoja na msamaha, twaleta mapendekezo haya, ambayo tumeyaandaa tukiwa tumeketi na Mzee Mweka Hazina kwa siku nne.

Kwanza, kila mwanachama apewe namba yake ya uanachama, na malipo yafuate namba hiyo, si namba ya simu. Maana simu hupotea, huazimwa, na wengine hawana.

Pili, anayepokea fedha asiwe ndiye anayeandika, na anayeandika asiwe ndiye anayekagua. Hatusemi hivi kwa kumshuku mtu. Utaratibu huu humlinda mwaminifu asisingiziwe.

Tatu, malipo yasiyojulikana yasomwe kwa sauti katika kila mkutano wa mwezi, mpaka wenyewe wapatikane. Fedha isiyo na jina ni alama ya kwamba yuko mwanachama asiyeonekana.

Nne, mtu yeyote asinyimwe msaada kwa neno la kompyuta peke yake. Wazee wawili pamoja na Mweka Hazina wamwite, wamsikilize, na walitazame daftari la zamani kabla ya kutoa jibu.

Tano, daftari la karatasi liendelee kuandikwa sambamba na kompyuta kwa mwaka mmoja mzima, na jedwali liwe na nafasi ya maelezo ya kando.

Sita, majina, namba za vitambulisho na habari za warithi zitunzwe kwa siri. Nchi yetu ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na haiwahusu matajiri wenye makampuni tu. Habari za mwanachama si za kutumwa ovyo katika makundi ya simu.

Kuhusu hoja ya leo mchana, twasema kwa unyenyekevu. Hatuwezi kuahidi ya kuwa kila asomaye elimu hii atapata kazi. Vijana wenye shahada wasio na kazi ni wengi, nanyi mnawajua kwa majina. Lakini twaweza kusema kwamba benki, vyama vya akiba na mikopo, hospitali, na ofisi za serikali ya taifa na za kaunti, kila siku huhamisha madaftari yao kutoka karatasi kwenda kompyuta. Nyuma ya kila daftari wako watu kama mama yetu. Daktari tunamhitaji, na mwalimu, na mwanasheria pia. Lakini daktari hutibu mgonjwa ambaye jina lake limeandikwa, na mwalimu hulipwa mshahara ikiwa jina lake limo. Yule anayeliandika jina, ni vema awe mtoto wenu aliyefundishwa kuuliza.

Wako vijana wawili wa Chama, mmoja wao ni msichana, ambao wameomba kuanza masomo haya mwaka ujao. Twawaomba msiwafungie mlango kwa sababu ya kosa letu. Ikiwa yawapasa kutukata sisi kitu, basi sisi tuko tayari: tumekubaliana ya kuwa tukipata kazi, kila mmoja wetu atarudisha katika Hazina ya Elimu karo ya mwaka mmoja, na barua yetu yenye sahihi tatu tumemkabidhi Katibu.

Mzee Mweka Hazina, ambaye ameshika kalamu ya Chama hiki kwa zaidi ya miaka ishirini, ametuambia kwamba anataka kupumzika. Kabla hajaiweka chini kalamu hiyo, twamwomba atuketishe kando yake tena, asome nasi ukurasa kwa ukurasa, pamoja na yale yaliyoandikwa kwa kalamu ya risasi.

Mungu akibariki Chama chetu.

Ni sisi, watoto wenu.